Kikombe cha Samunge

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, kijiji cha Loliondo wilayani Ngorongoro, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana zaidi kama Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kutoka Kamunyonge, Musoma, safari ilikuwa kupita Mugumu na kukata hifadhi ya Serengeti, wengine wakisafiri na wagonjwa wasioweza hata kukaa.

Ndani ya kikombe mlikuwa na maji yaliyochemshwa na mizizi ya mti uitwao mugariga. Babu alisema mawili, na wengi wakayapokea kama moja. Kwanza, Mungu alimwotesha dawa hiyo. Hilo ni la imani. Maabara haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Pili, kikombe kinaponya kisukari, presha, pumu, saratani na Ukimwi. Hilo lina vipimo vyake.

Walioshuhudia kupona wengi wao walisema kwa dhati, ila magonjwa hayo yana hila. Pumu huja na kuondoka. Mtu hufunga safari ikiwa imembana kwelikweli, na baada ya kubanwa mara nyingi huja nafuu, kikombe kiwepo kisiwepo. Presha kwa kawaida haiumi kabisa. Aliyerudi Musoma akijisikia mwepesi angeweza kufungwa mkanda mkononi, ukajazwa upepo, ukaachiwa taratibu, na kipimo kikasoma 180 kwa 110. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kuzaana kwa miaka mwili ukiwa bado na nguvu, na ndiyo sababu walioacha ARV baada ya kunywa walijiweka hatarini.

Kipimo cha mtu mmoja nacho hakitoshi. Dawa hujaribiwa kwa kugawa wagonjwa makundi mawili kwa kura: hawa wanapewa dawa, wale kitu kinachofanana nayo, na anayewapima hajui nani kapata nini. Mwishoni wanahesabiwa wote, pamoja na waliokufa, ambao kwenye ushuhuda hawapati zamu ya kusema. Babu alishikilia kwamba dawa inafanya kazi ikitoka mkononi mwake tu. Sharti hilo lilitatiza jaribio la namna hiyo, ingawa halikuzuia kuwapima wanywaji kabla na baada.

Mti wenyewe hauna kosa. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa mseto ya malaria inayotolewa zahanati ina asili ya mmea wa China. Zote mbili zilipita kwenye vipimo.