Kuku Huyo Apikwe



Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akichomwa mionzi, utumbo ulio karibu nao huumia, maana ngozi yake ya ndani hujijenga upya kila siku chache. Basi wiki ya pili au ya tatu anaanza kuhara. Wengine hapo huacha matibabu kule Eldoret au Nairobi, wakarudi nyumbani. Hiyo ndiyo hatari: mionzi ikikatizwa, saratani hupata nafasi.

Tusiuze kuku ili tununue vidonge na poda za "kulinda tumbo". Hakuna iliyothibitishwa kuzuia kabisa shida hii, na vitamini zikizidi zaweza kuvuruga tiba. Muulizeni daktari kwanza. Kuku huyo apikwe! Mgonjwa ale kidogo kidogo: uji laini, wali, ndizi mbivu, mayai. Maziwa mabichi, pilipili na busaa, hapana.

Akihara, chemsheni maji lita 1, mtie sukari vijiko vya chai 6 visivyorundikwa na chumvi nusu kijiko, anywe mara kwa mara. Akiona damu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tumsindikize mpaka amalize.