Mzigo Hufika kwa Afya ya Mchukuzi



Jioni hii nataka kusema nanyi habari za kazi ya zamani sana katika nchi zetu, nayo ni kazi ya uchukuzi. Mtu ahamapo nyumba, au apelekapo mahindi yake sokoni, huuliza mambo mawili: Nauli ni kiasi gani? Mzigo utafika lini? Ni wachache waulizao jambo la tatu: Je, huyu aubebaye mzigo wangu anatunzwa na nani? Nami nadhani swali hili la tatu ndilo lenye kuyajibu yale mawili ya kwanza.

Wenyeji wa Sumbawanga wanajua kwamba nchi yao ya Ufipa ni uwanda ulioinuka sana, katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Zamani, kabla ya reli na lori, misafara ya biashara kutoka Tabora kwenda pande za kusini ya ziwa ilipita huko. Wafipa walikuwa mabingwa wa kulima juu ya matuta ya duara yaliyofukiwa majani, na wafua chuma wenye matanuu marefu kuliko mtu. Kwa hiyo msafara uliopita Ufipa kwa amani uliweza kununua chakula.

Msafara ulikuwa na kanuni zake, ingawa hazikuandikwa mahali. Kirangozi alitangulia njiani, wanyampara waliwasimamia watu, na kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, kwa kawaida ratli 60 au 70. Wapagazi waligawanyika makundi makundi; kila kundi lilipika chungu kimoja na kulala pamoja, na mmoja akiugua wenziwe walimwangalia. Posho ilikuwa haki ya mpagazi. Bwana aliyeizuia aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu wametoroka.

Sasa nitawapa mfano mmoja mashuhuri. Mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, Daktari Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watu wake waliazimu kuupeleka mwili wake mpaka pwani. Wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma. Jambo la kwanza walilofanya halikuwa kufunga mzigo, bali kuwakusanya wenzao wote. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika orodha ya vitu vyote, mtu asije akashitakiwa baadaye kwa kitu kilichopotea. Tena wote walikubali kuwatii Susi na Chuma, kwa kuwa hao walikuwa wazee wa safari.

Wakaenda. Hata baada ya siku chache ugonjwa ukawashika nusu yao, Susi mwenyewe akiwamo. Wangeweza kuwaacha wagonjwa nyuma, wenye nguvu wakaendelea na mzigo. Hawakufanya hivyo. Walikaa yapata mwezi mmoja mpaka watu walipoweza kusimama tena.

Halafu walipofika kusini ya Ziwa Tanganyika ilibidi wachague njia. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepita kando ya ziwa katika Ufipa, wakapanda na kushuka magenge mpaka wakachoka kabisa. Safari hii waliiacha njia ile, wakashika upande wa mashariki, juu ya uwanda, ambako miguu ya watu ilipata nafuu. Basi tazameni hekima hiyo! Mkubwa wa safari asiyejua uchungu wa miguu hutazama njia iliyo fupi. Aujuaye huitazama njia ambayo watu wake wataimaliza.

Mbele ya Unyanyembe walizuiwa tena, kwa maana watu wa njiani hawakutaka maiti apite kwao. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakayarudisha nyuma kana kwamba yanakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Hapo walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Baadaye, huko Uingereza, nishani zilitengenezwa kwa ajili yao. Lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika, wasizipate. Shukrani inayochelewa hukuta mlango umefungwa.

Chuma alipita Ufipa tena mwaka wa 1880, sasa akiwa msimamizi wa msafara wa Joseph Thomson, kijana wa Kiskochi. Bwana huyo aliandika kwa fahari kwamba karibu watu wake wote walirudi makwao salama. Fahari ile ilikuwa ya Chuma pia.

Lakini kazi hiyo hiyo imeonyesha na upande wa giza. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza waliajiri, na mara nyingi walilazimisha, watu zaidi ya milioni moja kuchukua mizigo ya jeshi katika Afrika Mashariki. Vita vilifika Ufipa pia: boma la Kasanga, lililoitwa Bismarckburg na Wadachi, lilitwaliwa mwezi wa Juni 1916. Wachukuzi zaidi ya 90,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa tumbo la kuhara, homa, baridi na chakula wasichokizoea. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao. Kazi ilikuwa ile ile ya kina Chuma, kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kusema, “Tungoje, wenzetu ni wagonjwa.”

Leo mahindi ya Ufipa hupanda lori Sumbawanga, yakashuka Tunduma kwa barabara ya lami. Lakini gunia halijapanda lori kwa miguu yake. Liko begani mwa kijana, na juu ya shehena yuko utingo. Mwenye kampuni ya uchukuzi anayetaka jina lake lidumu na atende haya: alipe ujira kwa siku yake, asimzidishie mtu mzigo, amwache dereva alale, amwangalie aliyeumia. Tena aandikishe watu wake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, ili ajali ya bega moja isiwe njaa ya nyumba nzima. Na chakula akinunue kwa haki katika vijiji apitavyo, kwa maana kijiji kilichodhulumiwa hakimsaidii dereva gari lake likwamapo.

Watu husema, haba na haba hujaza kibaba. Na jina jema la mchukuzi hujazwa hivyo hivyo, mzigo kwa mzigo, mtu kwa mtu.

Nawaombeni, kesho mtakapomwona mtu ameinama chini ya gunia, msiulize mzigo ni wa nani tu. Ulizeni na mtu ni wa nani.

Kwa herini.