Mia tano ya faili

Wewe karani wa hospitali, kila siku unamuona mwenzako akidai mia tano ndio faili la mgonjwa lisogee. Mama wa watu anafungua fundo la leso, anatoa nauli yake ya kurudi. Wewe unaangalia kando. Unaogopa kufutwa. Naelewa, kazi zenyewe ziko wapi?

Basi sikiza. Usikimbilie Facebook. Andika tarehe, saa, na ulichoona kwa macho yako, si ulichosimuliwa. Jina la mgonjwa usilitaje. Peleka EACC, wanapokea ripoti hata bila jina lako. Na bosi akikufuta kwa sababu hiyo, Sheria ya Hongo ya 2016 inamngoja: faini hadi shilingi milioni 1, jela hadi mwaka 1, au vyote. Ukiogopa kwenda pekee, njoo ofisini baada ya Alasiri tuandike pamoja.