Nani Anamsimamia Mnunuzi wa Kaunti?

Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa Kitengela na Kajiado



Tumeombwa tuzungumze juu ya zabuni, nasi tunajua kwamba kwa wengi wenu neno hilo linaleta usingizi. Uchaguzi huchangamsha watu. Vocha na hati za stoo hazimchangamshi mtu. Walakini, wale waliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, kikafutwa Disemba 1991, hawakutaka vyama vingi viwe pambo la karatasi ya kura. Walitaka anayetumia fedha za umma aulizwe na wenye fedha. Na fedha za kaunti, zikiisha kulipa mishahara, hutoka kwa mlango mmoja mkubwa: mlango wa ununuzi.

Wazee mnalikumbuka Baraza la Olkejuado. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, wakuu wake waliteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma na kupelekwa vituoni na wizara iliyokuwa Nairobi. Diwani angeweza kupiga meza mpaka ipasuke, lakini aliyeshika kalamu alimjibu bwana mwingine. Tangu Machi 2013 udhuru huo umekwisha. Afisa wa ununuzi sasa ni wa kaunti, msimamizi wake ni wa kaunti, na waraka anaoutia sahihi unatiwa hapa hapa. Tena mambo yamekuwa makubwa. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 406,054 katika Kajiado. Ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Watu hao wanahitaji maji, dawa na barabara, na kila kimoja hununuliwa.

Basi mkisikia fedha zimeliwa, aghalabu mnamtazama nani? Karani wa ununuzi. Yeye ndiye anayeonekana, ndiye anayekamatwa, na ndiye anayeachishwa kazi kwa kelele nyingi. Sisi hatumtetei mwizi. Lakini tunasema kwamba sheria haikumweka karani peke yake. Kifungu cha 227 cha Katiba kinadai ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wenye ushindani na wa gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inambebesha jukumu hilo afisa mhasibu, ambaye katika idara za kaunti ni afisa mkuu wa idara. Yeye huteua kamati ya kutathmini zabuni, naye hutia sahihi mkataba. Mnunuzi akipotoka mwaka mzima mkubwa wake asione, ama mkubwa huyo hafanyi kazi yake, ama anaifanya vizuri mno kwa njia nyingine.

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo penye nyama. Kifungu cha 84 cha sheria hiyo kinamtaka mkuu wa ununuzi, baada ya zabuni kutathminiwa, amwandikie afisa mhasibu maoni yake ya kitaalamu na kuyatia sahihi. Ni karatasi chache tu, lakini ndizo ngao ya afisa mwaminifu. Akiandika kwamba mshindi anayependekezwa hakutimiza masharti, na mkubwa akaendelea kumpa kazi, karatasi hiyo inabaki ndani ya faili ikimngoja mkaguzi. Ndiyo maana wakubwa wasio waaminifu hupenda simu. Agizo la simu halina sahihi wala tarehe. Msimamizi anayestahili jina hilo huandika anachoagiza, na hukubali aandikiwe asichopenda kusoma. Na afisa aliyepokea agizo la mdomo anaweza kurudi mezani pake akaliandika: "Kufuatia maagizo yako ya leo..." Mtaona jinsi maagizo mengi yatakavyoyeyuka baada ya sentensi hiyo.

Mnunuzi hupotoka wapi? Wengi hudhani ni siku ya kufungua bahasha. Siku hiyo kuna mashahidi wengi mno. Mara nyingi mambo yameharibika kabla, pale haja inapoandikwa. Tuseme pampu ya kisima inahitaji kutengenezwa, na kazi yote inavuka kiwango cha kutangazwa kwa zabuni ya wazi. Inakatwa vipande vitatu: leo mabomba, wiki ijayo mota, mwisho wa mwezi ufundi. Kila kipande kinapita kwa kotesheni tatu, na zote tatu huenda zikaandikwa kwa mkono mmoja. Kifungu cha 54 kinakataza ukataji huo, na kinaamuru pia kwamba vitu vyenye bei inayojulikana sokoni vinunuliwe kwa bei hiyo. Mnakumbuka wilbaro 10 za Kaunti ya Bungoma mwaka wa 2015, kila moja kwa shilingi 109,320, ilhali dukani wilbaro ya kawaida haikufika hata shilingi 10,000. Nchi nzima ilicheka, kisha maafisa wakafikishwa mahakamani. Sisi kicheko hicho hakikutufurahisha. Bei ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, na karatasi hazijitembezi. Ili malipo yatoke, ilibidi zipite mikononi mwa watu zaidi ya mmoja.

Pahali pa pili ni langoni, mali inapopokelewa. Waumini mnakijua Kitabu cha Ezra. Alipoondoka kwenda Yerusalemu na fedha na dhahabu za nyumba ya Mungu, aliwapimia makuhani kumi na wawili kwa uzito, na walipofika zikapimwa tena na uzito ukaandikwa. Walikuwa makuhani! Hakuna aliyesema kwamba kupimwa ni kutukanwa. Sheria yetu nayo inataja kamati ya ukaguzi na upokeaji, lakini fikirini ukubwa wa kaunti hii. Hati inatiwa sahihi Kajiado mjini, na mali inasemekana imeshushwa Magadi au Loitokitok. Wakati wa ukame, lori la maji linalipwa kwa safari. Ni nani aliyezihesabu safari hizo? Kama aliyeagiza lori ndiye aliyethibitisha kwamba lilifika, basi hapana ukaguzi, hata kama mihuri ni kumi. Na safari ambayo haikufanyika si hasara ya hesabu tu. Kuna mama aliyepanga mitungi barabarani tangu alfajiri.

Hapa wengi hutuuliza sisi mawakili: si kuna Bodi ya Rufaa? Ipo, na inafanya kazi kwa haraka. Mlalamishi ana siku 14 za kufika mbele yake, nayo ina siku 21 za kuamua. Lakini mlango wake umefunguliwa kwa mfanyabiashara aliyeomba zabuni au aliyetaka kuiomba. Mama mwenye mitungi hana kiti pale. Mzozo wa wafanyabiashara wawili ukiamuliwa vizuri, bado maji yanaweza yasifike.

Silaha yake ni nyingine, na ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, mwombaji ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hahitaji wakili, na hatakiwi kueleza sababu. Msiombe "habari zote za ufisadi". Barua ya namna hiyo itawekwa kabatini. Ombeni mpango wa ununuzi wa mwaka wa idara moja. Ombeni hati za kupokelea mali za zahanati moja, kwa miezi mitatu. Kisha nendeni na muuguzi mkahesabu masanduku. Na mkimkuta afisa wa ununuzi aliyeandika ukweli kwenye faili, msimtaje jukwaani kabla hajakubali, mnaweza kumponza.

Tumeandaa barua mbili. Moja inaomba mpango wa ununuzi wa idara ya maji, ya pili inaomba hati za safari za malori ya maji kwa wadi za upande huu. Ziko mezani karibu na mlango. Kila moja inahitaji jina la mwombaji, sahihi na anwani ya kupelekewa majibu. Tunawahitaji pia watu wawili wa kuzipeleka Kajiado Jumatatu asubuhi. Wahakikishe nakala zimegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu zile siku 21 zitahesabiwa kuanzia hapo.