Nani Anaandika Habari za Mama Zetu?



Mtoto wa shule akitafuta habari za Profesa Wangari Maathai wa Ihithe, hufungua simu akasoma Wikipedia. Wanaoiandika ni watu wa kujitolea, tena wengi ni wanaume. Uchunguzi wa mwaka 2011 wa Wikimedia, shirika linaloisimamia, ulionyesha wanawake hawafiki hata mmoja kati ya waandishi kumi.

Mwaka 2018 rasimu ya ukurasa wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa. Miezi michache baadaye alipata Tuzo ya Nobeli, na ukurasa ukaandikwa siku hiyo hiyo!

Maathai, mshindi wa Nobeli ya 2004, hakosi wa kumwandika. Jemadari Muthoni wa Kirima, aliyefariki 2023, pia anajulikana. Lakini wale waliowapelekea Mau Mau chakula na risasi msituni Aberdare? Majina yao wanayo wajukuu tu, na Wikipedia haipokei masimulizi ya nyanya, inataka yaliyochapishwa.

Kuandika hakuna ada. Kunataka simu, bando na saa moja, na saa hiyo ndiyo ngumu: mama akimaliza kuchuma chai, kukamua na kupika, usiku umeingia. Akina baba, shikeni sufuria jioni moja kwa wiki. Nanyi akina dada mlio vyuoni, anzeni na magazeti ya zamani maktabani.