Masikio ya Watu na Muziki wa Jazi

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutazama jambo moja: kwa nini muziki uliokataliwa na watu jana hupendwa leo, na uliopendwa leo hutupwa kesho? Mfano wetu ni jazi, muziki uliokuzwa na watu weusi wa New Orleans, Marekani, kisha ukachukuliwa na santuri na redio hata ukafika mbali.

Mwezi wa Desemba 1934, redio ya NBC ilianza kutangaza kutoka New York, kila Jumamosi usiku, dansi ya muda wa saa tatu, jina lake Let's Dance. Bendi tatu zilipokezana. Moja ilipiga muziki laini, ya pili muziki wa Kilatini, na ya tatu, ya Benny Goodman, jazi ya moto. Mei 1935 dansi hiyo ilikoma, naye Goodman akafunga safari kwenda magharibi na bendi yake. Mjini Denver watu hawakumtaka. Walipenda nyimbo za polepole. Basi alipofika Los Angeles, tarehe 21 Agosti, katika ukumbi wa Palomar, alianza kwa hofu, akapiga zile laini. Watu wakapoa. Ndipo alipotoa ule wa moto, na vijana wakaacha kucheza, wakalisonga jukwaa huku wakishangilia.

Je, vijana hao waliujuaje? Saa ndiyo sababu. Ikiwa saa sita za usiku New York, California ni saa tatu tu. Watu wengi wa mashariki walikuwa wamekwisha lala, hali wale wa magharibi wangali macho, redio ikiwalilia. Sikio hupenda lilichozoea.

Tena, tusisahau haki ya mtu. Nyimbo nyingi zilizowasha ukumbi ule zilipangwa na Fletcher Henderson, mtu mweusi aliyeongoza bendi yake mwenyewe tangu miaka ya 1920. Umaarufu mkubwa ulimwendea Goodman, ingawa mwenyewe hakuficha deni lake. Kwa hiyo msikilizaji mwema haulizi tu, "Nani apiga?" Huuliza pia, "Nani aliyepanga?"

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 1945 Charlie Parker na Dizzy Gillespie walitoa santuri za jazi mpya, bibopu, ya mbio na ngumu kuchezwa. Mwishoni mwa 1946 bendi kubwa kadhaa zilivunjika. Hata Louis Armstrong, ambaye miaka ya 1920 alikuwa yeye ndiye mpya, aliikosoa bibopu. Walakini leo yeye na Parker wote wawili huhesabiwa kuwa mabingwa.

Nasi Afrika ya Mashariki jina hilo lilitufikia: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na wenye kucheza waliigeuza jazi kuwa dansi yao wenyewe.

Basi, mzee, usiizime redio kabla wimbo wa kijana haujaisha. Nawe kijana, usiicheke santuri ya baba yako. Siku moja yako nayo itachekwa. Tusikilize kwanza, ndipo tuhukumu. Kwaherini.