Mgeni wa Vuli Mkoani Pwani

Mgeni anayepanga kuzuru Mkoa wa Pwani kati ya Oktoba na Desemba akumbuke mambo mawili: mkoa ni mpana, na huo ni msimu wa mvua za vuli. Kisiwa cha Mafia, kwa mfano, kimo mkoani humu, lakini hufikiwa kwa boti kutoka Nyamisati au kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Anayetaka kuogelea na papa potwe atakuwa amewahi, kwani msimu wao huanza Oktoba.

Kisarawe iko karibu zaidi na Dar es Salaam, na inasahaulika isivyostahili. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, yenye viumbe wasiopatikana kwingi duniani. Mvua ikinyesha, njia za udongo huteleza mno. Mgeni avae viatu imara, aongozane na mwenyeji.

Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kwenye Barabara ya Morogoro, yenye foleni kubwa. Mwenye ndege ya jioni aondoke asubuhi.

Chandarua kisikosekane, na ushauri wa daktari kuhusu kinga ya malaria utafutwe kabla ya safari. Atokaye nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo.